Mtoi Wako Anabonga Ngeli ya Katuni? Soma Hii Kabla Umwongezee Bando

Umeshaona hii kitu mtaani? Mtoi wa miaka 3, hajakanyaga shule hata siku moja, lakini ukimpea biskuti anakwambia hiyo ni "cookie". Tochi ya simu anaiita "flashlight". Mathe anamrekodi anapost, majirani wanasema huyo ni rubani. Na hakuna ticha amemfunza. Ni katuni tu.

Si Kenya pekee. Wakati wa Korona, wazazi Marekani walishtuka kusikia watoi wao wakibonga kama Waingereza. Sababu? Peppa Pig, katuni ya Uingereza iliyoanza 2004. Kama watoi waliozaliwa ndani ya Kizungu wanabebwa na nguruwe wa TV, wa Kayole atakosaje?

Hakuna uchawi hapo. Katuni poa inarudia neno moja mara kibao, na unaona kitu chenyewe ukisikia jina lake. Kuvaa viatu, kupiga mswaki, mvua kunyesha. Hiyo ndiyo ngeli ya kila siku. Dora the Explorer, iliyoanza 2000, ikaleta ujanja mwingine: Dora anauliza swali, ananyamaza, anakungoja ujibu.

Lakini Dora hasikii. Jibu ovyo, bado atakusifu. Na hapo ndio shida iko.

Mwaka wa 2003, Patricia Kuhl na wenzake huko Marekani walichukua watoi wa miezi 9 waliozoea Kiingereza, wakawasikizisha Kichina. Waliocheza na mtu ana kwa ana walizishika sauti za Kichina. Waliowekewa video ya watu haohao hawakushika. Sawa, hao ni wachanga, mtoi mkubwa hushika zaidi kwa TV. Lakini somo ni lilelile: skrini inaleta neno, mtu ndiye anafanya likae.

WHO nayo ilisema 2019 kwamba mtoi wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku.

Sasa tuambiane ukweli. Kama unatoka keja saa kumi na moja asubuhi na kurudi saa mbili usiku, katuni ndiyo yaya ya bei unayoweza. Hakuna mtu anakuhukumu. Lakini dakika 10 za jioni unazo. Muulize Peppa amefanya nini leo. Akisema neno, mwonyeshe hicho kitu hapo kwa nyumba. Anakuambia "bucket", mtume alete ndoo. Hiyo dakika 10 itamsaidia neno likae kuliko kukodolea simu peke yake.

Kuna kitu ingine hatupendi kusema. Tunashangilia ngeli ya watoi kwa sababu tunajua vile interview huenda: Kizungu kikikwama, hata kama kazi unaijua, unarudi home. Hiyo hofu ni ya ukweli. Ila isikufanye umnyime mtoi lugha zingine. Disemba mkienda ushago, shosh atamsalimia kwa lugha yake, na mtoi atakugeukia wewe umtafsirie. Shosh hatasema kitu, lakini ameona.

Na huna haja ya kuzima TV. Akili and Me ya Ubongo kutoka Tanzania iko kwa Kiswahili na Kiingereza. Akili Kids! iko hewani Kenya tangu 2020 na hulipii. Changanya.

Halafu leo usiku kaa chini na mtoi. Mwambie hii ni "cookie", ni biskuti, na shosh huiita hivi. Kama hujui shosh huiitaje, mpigie simu muulize mkiwa wote wawili.