Kila Kada na Mgomo Wake
Mgomo wa madaktari wa Kenya, ulioanza Desemba 2016 na kudumu siku 100, ulitokana na mkataba wa pamoja wa ajira, yaani makubaliano ya mishahara na masharti ya kazi baina ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, uliotiwa saini mwaka 2013 bila kutekelezwa. Madaktari waliporejea kazini, wauguzi nao waligoma kuanzia Juni hadi Novemba 2017, kwa kuwa kila kada hujadiliana peke yake na kupima haki yake kwa posho ya mwenzake. Mjamzito anayehitaji upasuaji huwategemea daktari na muuguzi wa zamu kwa saa ileile. Kwa hiyo kuwaita mezani mmoja mmoja ni kumdhulumu mjamzito huyo kwanza.