Mshahara wa Mwalimu wa Pwani ya Lindi na Hesabu za Kikokotoo

Mwalimu wa shule ya serikali nchini Tanzania hulipwa kwa awamu mbili: mshahara wa kila mwezi akiwa kazini, na mafao akishastaafu. Mjadala wa mshahara huibuka ikikaribia Mei Mosi, na ule wa mafao huibuka kila kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kinapoguswa. Mara chache sana yote mawili hujadiliwa kwa pamoja, ingawa ujira ni mmoja na mwajiri ni yuleyule. Katika Wilaya ya Kilwa, na katika pwani yote ya Lindi kwa jumla, kuyatenganisha kumewagharimu walimu zaidi kuliko wenzao wa mijini.

Ngazi ya mshahara wa walimu, TGTS, ni moja kwa nchi nzima. Kwa viwango vilivyoanza kutumika mwaka 2015, mwalimu wa cheti aliajiriwa katika daraja B kwa shilingi 419,000, wa stashahada katika daraja C kwa shilingi 530,000, na wa shahada katika daraja D kwa shilingi 716,000. Mwalimu huyo wa shahada alikatwa asilimia 5 ya mfuko wa pensheni, asilimia 3 ya bima ya afya na asilimia 2 ya Chama cha Walimu Tanzania (CWT) kama alikuwa mwanachama. Kama alisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo ilichukua asilimia 15 ya mshahara. Kodi ya mapato ikishaondolewa kwa viwango vya mwaka 2021/22, zilibaki takriban shilingi 485,000. Hapo hajakopa benki. Akikopa, makato yote yaliruhusiwa kufika theluthi mbili ya mshahara, na wengi walifika huko.

Kiasi hicho ni kilekile kwa mwalimu wa Kinondoni, Dar es Salaam, na wa Miguruwe, Kilwa, lakini matumizi yake hayalingani. Kilwa ni wilaya ndefu. Barabara kuu ya lami hupita Somanga, Nangurukuru na kushuka kuelekea Lindi mjini. Walio kando yake, pamoja na wale wa Kilwa Masoko na Kivinje, wana nafuu. Anayefundisha Kipatimu yuko kwenye vilima vya Umatumbi, wa Njinjo anategemea njia inayovuka Mto Matandu, wa Nanjirinji yuko ndani kutoka Kiranjeranje, na wa Songo Songo hana njia ila chombo cha baharini. Hata hiyo barabara kuu si ya kutegemewa daima: mvua za mwaka 2024, zilizofuatiwa na kimbunga Hidaya mwanzoni mwa Mei, zilikata mawasiliano maeneo ya Somanga, na kusini yote ikatengwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Mwalimu anayefuatilia barua ya kupandishwa daraja katika ofisi za halmashauri Masoko hulipa nauli, chakula na pengine kitanda cha kulala, kwa fedha zake mwenyewe. Simu imepunguza safari za kufuata mshahara benki, ila haijafuta safari za kufuata haki.

Serikali iliitambua tofauti hii zamani. Sera ya Malipo na Motisha katika Utumishi wa Umma ya mwaka 2010 ilizungumzia kuwavutia na kuwabakiza watumishi katika maeneo yenye mazingira magumu. Miaka miwili baadaye, Julai 30, 2012, CWT chini ya rais wake Gratian Mukoba iliitisha mgomo wa nchi nzima. Miongoni mwa madai kulikuwa na nyongeza ya mshahara ya asilimia 100, posho ya kufundishia ya asilimia 55 kwa masomo ya sayansi na 50 kwa masomo mengine, na posho ya mazingira magumu ya asilimia 30. Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, iliamuru mgomo usitishwe mwanzoni mwa Agosti. Dai la asilimia 100 ndilo lililovuma, na lilikuwa rahisi kukataliwa. Dai la asilimia 30 kwa maeneo magumu lilikuwa la maana zaidi kwa mikoa kama Lindi, likazama pamoja na mengine. Posho ya madaraka iliyoletwa baada ya elimu bila malipo kuanza mwaka 2016 iliwafaa wakuu wa shule, walimu wakuu na maafisa elimu kata. Mwalimu wa kawaida wa darasani haikumhusu.

Kisha ikaja miaka ya ukame. Tangu 2016 hadi 2022 hapakuwa na nyongeza ya jumla ya mishahara ya watumishi wa umma. Upandishaji madaraja nao ulisimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi na vyeti, zoezi ambalo Aprili 2017 lilitoa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Kuwaondoa wenye vyeti feki kulikuwa halali kabisa. Waliobaki na vyeti safi, hata hivyo, walisubiri madaraja kwa miaka, na baadaye baadhi yao wakapandishwa kwa mserereko, yaani kuwekwa kwenye daraja ambalo wangekuwa wamelifikia, ili kufidia. Mwaka 2022 kima cha chini kilipanda kwa asilimia 23.3, kutoka shilingi 300,000 hadi 370,000, na Mei Mosi ya 2025, iliyofanyika Singida, Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kupanda tena kwa asilimia 35.1 hadi shilingi 500,000 kuanzia Julai. Asilimia hizo ni za kima cha chini. Walimu wengi wako juu yake, na mwaka 2022 waliotarajia kuiona asilimia 23 katika hati zao za mshahara waliona ongezeko dogo zaidi.

Hapa ndipo mshahara unapoingia ndani ya pensheni. Mafao hukokotolewa kwa wastani wa mshahara wa miaka mitatu bora ndani ya miaka kumi ya mwisho ya utumishi. Daraja lililocheleweshwa miaka minne haliishii kwenye malimbikizo yanayodaiwa. Likimkuta mtu karibu na kustaafu, linashusha wastani huo na kumfuata mpaka kaburini. Wastani ukiwa shilingi 900,000 badala ya 1,000,000, sehemu ya kumi ya mkupuo, yaani fedha zinazolipwa kwa mara moja mtu akistaafu, imekwenda, na sehemu ya kumi ya kila pensheni ya mwezi pia. Walio mbali na makao makuu ya wilaya, ambao majalada yao huchelewa kushughulikiwa na ambao kufuatilia kwao ni safari ya gharama, ndio walio hatarini zaidi.

Upande wa gharama za pensheni unahitaji historia fupi. Kabla ya mwaka 1999 watumishi wa serikali kuu hawakuchangia chochote. Pensheni ililipwa na Hazina kwa sheria iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza. Mwaka huo mfuko wa pensheni wa PSPF ukaanzishwa kwa mfumo wa kuchangia, mtumishi asilimia 5 na mwajiri asilimia 15. Lakini miaka ya utumishi kabla ya Julai 1999 iliendelea kuhesabiwa katika mafao bila mchango wowote nyuma yake. Mwalimu aliyeanza kazi 1980 na kustaafu 2015 alilipwa kwa miaka 35, ingawa mfuko ulikuwa na michango ya miaka 16 tu. Tofauti hiyo lilikuwa deni la serikali. Haikulilipa kwa wakati, na PSPF ikadhoofika kwa kuwalipa wastaafu wa sasa kwa michango ya waliokuwa bado kazini. Mwaka 2018 PSPF, LAPF, PPF na GEPF ziliunganishwa kuwa mfuko mmoja, PSSSF, nao ukarithi pengo hilo. Desemba 2021 serikali iliukabidhi mfuko hatifungani maalumu isiyo taslimu ya takriban shilingi trilioni 2.17 kupunguza deni la kabla ya 1999. Hatua hiyo ilikuwa nzuri, ila ilikuja miaka 22 baada ya deni kuanza.

Kikokotoo ndicho kilichobebeshwa sehemu kubwa ya mzigo. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF na LAPF, mifuko iliyokuwa na walimu wengi, pensheni ya mwaka ilipatikana kwa kuzidisha wastani wa mshahara wa mwaka kwa miezi ya utumishi na kugawanya kwa 540. Nusu yake ililipwa kwa mkupuo baada ya kuzidishwa mara 15.5. Kanuni za mwaka 2018 zilitaka mkupuo wa asilimia 25. Watumishi wakalalamika, na Desemba 28, 2018 Rais John Magufuli akaagiza kanuni za zamani ziendelee hadi 2023. Julai 2022 ikaja kanuni mpya: mgawanyo kwa 580, kizidisho 12.5, mkupuo asilimia 33. Bajeti ya 2024/25 ikapandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa waliokuwa na haki ya asilimia 50.

Chukua mwalimu mwenye wastani wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi na utumishi wa miezi 360. Kwa kanuni ya zamani angepata mkupuo wa shilingi milioni 62 na pensheni ya 333,333 kwa mwezi. Kwa asilimia 33 anapata milioni 30.7 na 415,862. Kwa asilimia 40 anapata milioni 37.2 na 372,414. Wakati wa kuitetea kanuni mpya ilielezwa kwamba fedha hazikupunguzwa, zimehamishwa tu kutoka kwenye mkupuo kwenda kwenye pensheni ya mwezi. Hesabu hizi zinakataa. Katika kanuni ya sasa mwalimu huyo anapoteza karibu milioni 24.8 siku ya kwanza na kufidiwa shilingi 39,081 kila mwezi. Fidia hiyo itahitaji zaidi ya miezi 630 kumaliza pengo, yaani miaka 52 na ushei. Aliyestaafu kwa lazima akiwa na miaka 60 angepaswa kufikisha miaka 112. Kilichohamishwa ni kidogo. Kilichopunguzwa ni kingi.

Upande wa pili una hoja nzito pia, na haufai kupuuzwa. Mchango wa asilimia 20 juu ya mshahara wa milioni moja kwa miezi 360 ni shilingi milioni 72 bila faida ya uwekezaji, na kwa kweli ni pungufu, kwa kuwa mshahara wa mwanzo wa kazi ni mdogo. Kwa kanuni ya zamani mstaafu angezimaliza milioni 72 hizo miezi 30 tu baada ya kustaafu. Kwa kanuni ya sasa huchukua miezi 93. Hakuna mfuko unaoweza kuilipa kanuni ya zamani kwa vizazi vijavyo bila ruzuku ya Hazina. Aliyedai kurejeshwa kwa asilimia 50 na kizidisho cha 15.5 alipaswa pia kueleza fedha zitoke wapi. Kwa upande wake, serikali ilipaswa kusema waziwazi kwamba inapunguza.

Hoja nyingine ya serikali ni kwamba mkupuo mkubwa huisha haraka, kwa biashara zisizo na msingi na kwa matapeli wanaowavizia wastaafu. Ni kweli kwa wengi. Hata hivyo pwani ya Lindi mkupuo una kazi nyingine. Mwalimu aliyehamishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine, akiishi nyumba ya shule au chumba cha kupanga, mara nyingi hustaafu bila paa lake mwenyewe. Mshahara baada ya makato haukumruhusu kujenga, na mkopo wa benki ulikwenda kwenye ada na matibabu. Mkupuo ndio unaomjengea nyumba, kumnunulia shamba la mikorosho au kulipia kibarua cha kulima ufuta. Pensheni ya mwezi haikusanyiki kuwa bati na saruji. Nayo hupungua thamani: bei zikipanda kwa asilimia 4 kwa mwaka na pensheni isihuishwe, shilingi 372,414 baada ya miaka 20 zitanunua vitu vya takriban 170,000 za leo.

Kenya ilichelewa kuingia katika mfumo wa kuchangia. Walimu wake walianza kuchangia pensheni Januari 2021 tu, kwa asilimia 2 mwaka wa kwanza, 5 wa pili na 7.5 kuanzia wa tatu, serikali ikiweka asilimia 15. Lakini Kenya ina kitu ambacho mwalimu wa Nanjirinji hana: posho ya mazingira magumu inayolipwa kwa walimu wa maeneo yaliyotajwa rasmi, kila mwezi, ndani ya mshahara.

Kwa Kilwa, kurudisha kikokotoo cha zamani si jibu. Linalowezekana ni kulipa posho ya maeneo magumu na kuihesabu katika mshahara wa kukokotolea pensheni, kuzuia daraja lisicheleweshwe kwa mtu aliyebakiza miaka kumi au chini ya hapo, na kuhuisha pensheni ya mwezi kulingana na bei kwa ratiba iliyotangazwa. Nyumba za walimu zinaweza kuanzia halmashauri yenyewe. Wilaya hii ina gesi ya Songo Songo inayovunwa tangu 2004, na sheria inairuhusu kutoza ushuru wa huduma kwa asilimia ya mauzo. Sehemu ya ushuru huo ikitengwa kwa nyumba za shule za ndani, mwalimu hatalazimika kuusubiri mkupuo ili apate mahali pa kulala. Na sehemu ya deni la kabla ya 1999 ambayo haijalipwa ilipwe na serikali iliyolikopa, kwa sababu si walimu walioliacha likue.