Kodi Inayotazama Kilichopita na Zaka Inayotazama Kilichobaki

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyetufungulia mlango wa biashara ya halali na kutufungia ule wa riba. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyeijua biashara kwa vitendo, akasafiri na mali ya Bi Khadija hadi Shamu kabla ya kupewa utume, pamoja na aali zake na masahaba wake.

Amma baad. Ndugu wasomaji, swali la wiki hii limeulizwa hapa Wundanyi kwa ndimi nyingi, lakini maana yake ni moja: mtu ameweka akiba ya laki mbili au tatu kwa taabu ya miaka, na hataki kuila riba. Je, katika hali hii ya uchumi na kodi, akiitia katika biashara atabaki na kitu? Au heri aifungie ndani ya sanduku? Wanaouliza si matajiri. Ni mama anayetaka kufungua duka la vyakula Mwatate, ni vijana wanaotaka kununua kabichi na nyanya za milimani wakaziuze Kongowea, ni mwalimu mstaafu mwenye kiinua mgongo chake. Hawajiiti wawekezaji, lakini ndio hasa.

Tuanze na hali ya nchi, kwani mwenye kusafiri hutazama mawingu kwanza. Mwezi wa Januari 2024 dola moja ya Marekani ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban shilingi 160 za Kenya. Mwezi wa Februari mwaka huo Benki Kuu ilipandisha kiwango chake cha riba hadi asilimia 13. Serikali, iliyokuwa na deni la dola bilioni 2 lililotakiwa kulipwa mwezi wa Juni, ilikopa ndani na nje. Hati zake za siku 91 zikawa zinalipa zaidi ya asilimia 16 kwa mwaka, na hatifungani ya miundombinu ya mwezi huo wa Februari ililipa asilimia 18.46, tena bila kukatwa kodi. Baadaye shilingi ilipata nguvu ikarudi karibu na 130 kwa dola, na kuanzia Agosti 2024 Benki Kuu ikaanza kushusha kiwango chake hatua kwa hatua.

Tarakimu hizi zina maana nyumbani kwetu. Serikali inapolipa asilimia 18 bila kodi, mwenye fedha nyingi hana haja ya kumkopesha mwenye duka wala kushirikiana naye. Huikopesha serikali, akalala. Benki nazo hufanya vivyo hivyo, na anayebaki akitafuta mkopo wa kununua lori huupata kwa bei ghali au asiupate kabisa. Muislamu anayejiepusha na riba mlango huo wa kulala haumhusu. Mali yake lazima itembee: inunue, iuze, ilimwe, ichukuzwe. Na kila inapotembea hukutana na mtoza kodi. Kwa hivyo kodi ya biashara, iwe nzuri au mbaya, humgusa yeye zaidi kuliko jirani yake aliyeweka fedha katika hatifungani.

Sasa tuitazame kodi yenyewe. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilipandisha kodi ya mauzo kwa wafanyabiashara wadogo kutoka asilimia 1 hadi asilimia 3. Huwahusu wenye mauzo yanayozidi shilingi milioni 1 na yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka. Wengi husikia asilimia 3 wakaona ni kidogo. Ni kidogo ikiwa ni ya faida, lakini hii ni ya mauzo yote, kabla hujatoa hata bei uliyonunulia bidhaa.

Chukua mfano wa duka la vyakula linalouza shilingi 300,000 kwa mwezi. Unga, sukari na mafuta ya kupikia vina faida nyembamba, basi tuseme bidhaa zenyewe zilinunuliwa kwa 276,000. Zimebaki 24,000. Toa 6,000 za pango, toa 5,000 za umeme na usafiri, zimebaki 13,000. Hapo ndipo mtoza kodi anapoingia na kudai asilimia 3 ya zile 300,000, yaani 9,000. Mwenye duka anabaki na 4,000 kwa kazi ya mwezi mzima. Wakati kodi ilipokuwa asilimia 1 angalilipa 3,000 na kubaki na 10,000. Na mwezi ambao mchele umeoza au wateja wamekopa na kutoroka, faida ikawa sifuri, zile 9,000 zingali zinadaiwa.

Sheria hiyohiyo ilipandisha VAT ya mafuta ya magari kutoka asilimia 8 hadi 16 mwezi wa Julai 2023, na kufikia Septemba mwaka huo petroli ilipita shilingi 200 kwa lita. Mtu wa mjini aliliona hilo kwenye pampu. Mkulima wa Wundanyi aliliona kwenye kabichi. Mboga mbichi hazitozwi VAT, na watu hudhani hiyo ni rehema tupu. Lakini gari linalozishusha kona kwa kona hadi Mwatate, likapita Voi na kuelekea Mombasa, linakunywa mafuta yenye VAT, na kwa kuwa mazao yake yamesamehewa, mkulima hana njia ya kudai arudishiwe chochote. Mnunuzi wa Kongowea hatampandishia bei kwa kumhurumia. Kodi hiyo hurudi mlimani ikakatwa katika bei ya shambani.

Ndugu wasomaji, katika dini yetu tunayo mizani ya kupimia jambo hili. Zaka ya mali ya biashara haitazami kilichopita mikononi mwako bali kilichobaki. Mwaka wa hijria unapotimia, mfanyabiashara huthamini bidhaa zilizomo dukani na fedha alizo nazo, na ikiwa zimefika nisabu hutoa asilimia 2.5, mara moja. Rafu, mizani na jengo havihesabiwi. Duka letu la mfano likiwa na bidhaa za 180,000 na fedha 20,000, na tukichukulia kuwa nisabu imetimia, zaka yake ni shilingi 5,000 kwa mwaka. Kodi ya mauzo ya duka hilohilo ni shilingi 108,000 kwa mwaka. Sisemi kwamba zaka na kodi ni kitu kimoja. Zaka ni ibada na ina mafungu yake, na aliyelipa kodi hajaondokewa na zaka. Ninachosema ni kwamba Sharia ilichagua kumtazama mtu katika hali yake halisi.

Hata shambani ni hivyo. Mahindi yaliyooteshwa na mvua zaka yake ni sehemu moja ya kumi, na yaliyomwagiliwa kwa gharama ni nusu ya hiyo. Gharama ya mkulima imeingizwa katika hisabu tangu mwanzo.

Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alitufunza jambo jingine. Imepokewa kwamba Wanabati waliokuwa wakileta bidhaa Madina alikuwa akiwatoza nusu ya ushuri katika ngano na mafuta, akikusudia vitu hivyo viletwe kwa wingi mjini, na katika jamii ya kunde na dengu akichukua ushuri kamili. Hakuuliza tu: nitapata kiasi gani leo? Aliuliza: msafara ujao utakuja au hautakuja?

Na pwani yetu yenyewe ina ushahidi wake. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba na Marekani, na ushuru wa bidhaa zilizoshushwa na meli zao ukawekwa kuwa asilimia 5, bila tozo nyingine juu yake. Mabibi zetu walivaa kitambaa cha merikani kilicholetwa na meli hizo. Wapo waliofaidi na walioumia katika biashara ya zama hizo, na katika baadhi ya bidhaa zake kulikuwa na dhulma kubwa ya utumwa tusiyoweza kuifunika. Lakini katika hili la ushuru somo liko wazi: nahodha aliyekuwa mbali na Unguja kwa safari ya miezi alijua, kabla ya kutweka tanga, atadaiwa nini akifika.

Linganisha na haya yetu. Sheria ya Fedha ya 2023 ilitiwa saini Juni, Mahakama Kuu ikaizuia kwa muda kabla ya mwezi kwisha, Mahakama ya Rufaa ikaiachilia Julai. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema sheria yote ni kinyume cha Katiba, na tarehe 29 Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo. Baina ya hayo, Mswada wa Fedha wa 2024 uliondolewa tarehe 26 Juni, siku moja baada ya vijana wa nchi hii kumwaga damu yao barabarani. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutoka na awape subira wazazi wao. Mwenye kampuni kubwa huajiri wakili wa kumfuatilia hukumu hizo. Mama wa duka la Mwatate hajui hata kama kodi anayolipa mwezi huu ni ya sheria iliyo hai au iliyokufa. Katika hali hiyo mtu huacha kuwekeza si kwa sababu kodi ni kubwa tu, bali kwa sababu hajui ya kesho.

Basi tumjibu muulizaji. Kufungia mali sandukuni si jibu. Bei za vitu huila kila mwaka, na zaka nayo huipunguza ikiwa imefika nisabu. Ndiyo maana mawalii wa mayatima wamehimizwa kuifanyia biashara mali ya yatima isije ikaliwa na zaka. Wekeza, lakini kwa kufuata haya.

Kwanza, fanya hisabu ya kodi kabla ya kununua bidhaa ya kwanza. Biashara yenye faida nyembamba na mauzo makubwa, kama unga na sukari, huumizwa sana na kodi ya mauzo. Biashara yenye faida pana, kama ushonaji au chakula kilichopikwa, huistahimili.

Pili, jua khiyari yako. Sheria inamruhusu mfanyabiashara kuiandikia Mamlaka ya Ushuru kwamba hataki kuwa katika kodi ya mauzo, kisha akatozwa kodi ya mapato ya kawaida, yaani ya faida. Duka letu la mfano lina faida ya 156,000 kwa mwaka. Kiwango cha kwanza cha kodi ya mapato ni asilimia 10, ambayo hapa ni 15,600, na kila mkaazi ana nafuu ya 28,800 kwa mwaka. Mwenye duka asiye na mshahara wala pato jingine hatadaiwa kodi ya mapato hata shilingi. Tofauti ni hiyo: 108,000 kwa njia moja, sifuri kwa njia nyingine, duka ni lile lile. Sharti lake ni daftari na risiti. Tangu Januari 2024 matumizi yasiyo na risiti ya eTIMS hayakubaliwi kutolewa katika hisabu, isipokuwa machache yaliyosamehewa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na leo hupotea mikononi mwa mtoza kodi. Kabla ya kuandika barua hiyo, mwone mhasibu mmoja mwaminifu, maana kila biashara ina hali yake.

Tatu, shirikianeni kwa mikataba ya dini yetu. Katika mudharaba mmoja hutoa mali na mwingine kazi, faida hugawanywa kwa sehemu waliyokubaliana, na hasara ya mali humwangukia mwenye mali. Andikeni mapema kwamba faida itakayogawanywa ni ile iliyobaki baada ya kodi. Ndugu wengi wamefarakana kwa jambo hili moja ambalo halikuandikwa.

Nne, msiikwepe kodi kwa uongo. Kupanga biashara yako kwa namna ambayo sheria imeiruhusu ni akili. Kuficha mauzo na kuapa mbele ya afisa ni jambo jingine, na baraka haikai katika mali iliyolindwa kwa kiapo cha uongo.

Kwa viongozi wetu wa kaunti na wabunge wetu, neno langu ni fupi. Mswada wa Fedha huja kila mwaka, na milango ya kutoa maoni hufunguliwa. Wasemeeni wenye maduka yenu kwamba kodi ya asilimia 3 ya mauzo ni zaidi ya nusu ya faida yao, na kwamba wanahitaji sheria itakayodumu muda wa kutosha mtu kununua mbegu, kupanda, kuvuna na kuuza.

Mwenyezi Mungu azibariki rizki zetu, awape viongozi wetu uadilifu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wafanyabiashara wakweli na waaminifu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.