KOBALTI NI YA KONGO, BETRI NI ZA NANI?

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Betri ya simu nayo imeundwa, tena asili yake ni chuo kikuu. Mwaka 1980, pale Oxford, Uingereza, John Goodenough na wenzake waligundua kwamba lithiamu ikichanganywa na kobalti na oksijeni huweza kutoa betri yenye nguvu nyingi, ya kuchajiwa tena na tena. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ya Japani ikaanza kuuza betri za namna hiyo. Mzee Goodenough alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2019 akiwa na miaka 97, pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino.

Je, kobalti yenyewe hutoka wapi? Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa kwa jirani zetu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, pande za Kolwezi na Lubumbashi, ambako watu husema Kiswahili kama sisi (ingawa chao kina ladha yake!). Aghalabu huondoka ikiwa unga usiosafishwa, husafishwa Uchina, kisha hurudi Afrika ndani ya simu za bei ya kukausha mate.

Kwa hivyo ilikuwa habari njema Aprili 2022, kituo cha utafiti wa betri kilipozinduliwa katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Kongo ikishirikiana na Zambia. Mwezi huo huo, hapa Nairobi, Rais Tshisekedi alitia saini mkataba wa kuiingiza nchi yake katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Basi kituo hicho ni cha jumuiya yetu pia, tukitaka tusitake.

Wapo wanaobeza. "Ati utafiti! Jengeni kiwanda, vijana wapate kazi!" Hoja yao si ya kutupwa. Ripoti ya BloombergNEF ya mwaka 2021 ilikadiria kwamba kiwanda cha kutengeneza tani 10,000 za malighafi ya betri kingegharimu dola milioni 39 nchini Kongo, yapata thuluthi moja ya gharama ya Marekani. Lakini jamani, ataendesha nani? Kutengeneza betri si mchezo. Unga wa madini hukorogwa na gundi maalumu, ukapakwa kwenye utando mwembamba wa alumini, ukakaushwa na kushindiliwa. Kisha kazi huendelea ndani ya chumba kikavu mno, kwa maana hata mvuke wa pumzi za wafanyakazi waweza kuiharibu betri. Tena jambo lililofaulu ndani ya chupa ya maabara laweza kushindikana likifanywa kwa tani. Ndiyo maana kituo cha maana sharti kiwe na maabara na karakana ndogo ya kuundia betri chini ya paa moja, mwanafunzi ajaribu, aharibu, arudie.

Fauka ya hayo, maabara iliyoipandisha kobalti cheo ndiyo iwezayo kuishusha. Mwaka 1997 Goodenough yule yule, akiwa Chuo Kikuu cha Texas, alitangaza na wenzake betri ya fosfati ya chuma. Kobalti haimo hata chembe! Kufikia mwaka 2024, karibu nusu ya soko la betri za magari ya umeme duniani lilikuwa la betri za aina hiyo. Februari 2025 kobalti ilikuwa imejaa sokoni na bei imeanguka, ndipo serikali ya Kongo ikasimamisha kuiuza nje, na Oktoba ikaweka viwango. Sawa, lakini forodha haiwezi kuzuia kinachobuniwa Texas.

Kwa maoni yangu, basi, kituo cha Lubumbashi kitakosea kikiwa mtetezi wa kobalti tu. Kichunguze pia betri za chuma, za manganizi, hata za sodiamu itokayo kwenye chumvi. Watakaosema huko ni kujikata mkono wangojee waone wengine wakiukata.

Nasi Wakenya tusicheke. Nakuru palikuwa na kiwanda cha betri kavu cha Eveready, zile ambazo nyanya huanika juani ili redio imalizie salamu. Kilifungwa mwaka 2014, kikilemewa na betri rahisi kutoka nje. Kiwanda tulikuwa nacho. Tulichokosa, naamini, ni chuo cha kukitafutia betri ya kesho.

Vyuo vikuu vyetu vipeleke wanafunzi Lubumbashi, navyo vipokee wa huko. Darasani huko hutumika Kifaransa, lakini nje ya darasa Kiswahili kitawatosha. Hapo ndipo Chama chetu kina kibarua. Katika somo la kemia tunasema anodi na kathodi, tukinyamaza hapo. Ule utando unaozitenga zisigusane betri ikashika moto, kijana wa Nairobi na wa Lubumbashi watauitaje wakiwa karakanani pamoja?