Sitoi Elfu Hamsini kwa Ajili ya Mjerumani

Ukoo wetu hukutana Makambako. Hatuna asili ya pale, ila pale ndipo barabara zinapokutana: wa Mbeya wanafika, wa Iringa na Dar es Salaam wanafika, wa Songea wanapanda, na sisi wa Njombe mjini tunakwenda kwa kosta, saa moja hivi. Mwaka huu tulikodi ukumbi nyuma ya nyumba ya wageni, tukala wali na kuku, kisha baba mdogo akatundika shuka jeupe ukutani na kuwasha projekta.

Ulikuwa mti wa ukoo, kazi yake ya miaka mitatu. Majina mia mbili na ushee, kila tawi na rangi yake. Juu kabisa, mahali pa mtu wa kwanza, palikuwa na picha ya mzungu mwenye masharubu na kofia ya ubaharia, aliyeokotwa mtandaoni. Chini yake pameandikwa: Fundi wa meli, Mjerumani. Pembeni yake kisanduku cha mkewe. Kitupu.

Watu walipiga makofi. Binamu yangu mmoja anayemalizia chuo aliuliza kwa sauti ya chini kama hiyo inasaidia kwenye viza. Kisha likasomwa pendekezo: kaburi lijengwe upya kwa marumaru, Ujerumani itajwe juu yake, na kitabu cha ukoo kichapwe. Kila mtu mzima atoe shilingi elfu hamsini.

Mimi sijatoa. Kwenye kundi la WhatsApp nimeitwa mbishi, nimeitwa msomi wa kujifanya, na shangazi mmoja amenitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba akinikumbusha ni nani alinilipia ada. Naeleza hapa kwa sababu kule kila nikiandika aya mbili mtu anabandika picha ya maua na "asubuhi njema".

Hadithi tuliyokua nayo ni fupi. Mtu wa kwanza wa ukoo alikuwa mgeni. Alikuwa fundi wa vyombo katika Ziwa Nyasa, kabla Wajerumani hawajakaa sawasawa. Baadaye aliyaacha maji, akapanda ile milima ya Livingstone na mke na mtoto mmoja wa kiume, akaishia Ubena, akawa anachonga milango na mizinga ya nyuki mpaka akafa. Jina lake hatuna. Watu walimwita Fundi.

Humo hamna Mjerumani. Kwa wazee wetu mtu huyu alikuwa "mgeni" tu. Ugeni umegeuka Ujerumani miaka ya karibuni, baba mdogo alipoanza kusoma habari za meli ya Hermann von Wissmann.

Na meli hiyo ilikuwepo kweli, sibishi. Iligharamiwa kwa fedha za bahati nasibu iliyochezeshwa Ujerumani kwa jina la kupiga vita utumwa, ikasafirishwa vipande vipande kwa mito ya Zambezi na Shire, ikashushwa majini mwaka 1893. Kituo chake cha Langenburg kilikuwa Lumbila, ambayo leo ni kata ya Wilaya ya Ludewa, humu humu mkoani Njombe. Agosti 1914 Waingereza waliishambulia kwa meli yao Gwendolen, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Liuli. Hadithi tamu. Video zake zote tumetumiwa.

Ila haikuundwa Lumbila. Ilitoka Ulaya imekwishakatwa, ikaungwa Mpimbi, kando ya mto Shire, nchi ambayo leo ni Malawi. Baba mdogo hana karatasi hata moja inayomtoa fundi wa meli hiyo Mpimbi na kumfikisha Ubena na mke na mtoto. Ana tarehe zinazokaribiana, ana picha, na ana hamu.

Nilikwenda kwa bibi, dada yake marehemu babu, anayeishi nje kidogo ya Njombe mjini. Amepita miaka themanini na bado anachambua maharage yake mwenyewe. Baada ya kamwene na habari za baridi, nikamuuliza kama babu yake alikuwa mzungu. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mzungu gani anakataa nguruwe?"

Hapo nikakumbuka kitu ambacho nimekiona maisha yangu yote bila kukifikiria. Sisi ni Walutheri. Tunaimba kwaya, na kitimoto tunakula. Lakini katika nyumba ya bibi, nyama hiyo haijawahi kuingia kwenye sufuria zake. Anayeitaka anakwenda kuila barabarani huko. Ukiuliza unaambiwa ni mwiko wa babu. Na babu huyo, akasema bibi, alizikwa kwa sanda bila sanduku, kwa kuwa ndivyo alivyoagiza, na mchungaji hakuitwa.

Nikauliza habari za mkewe. Bibi aliendelea kutupa mawe ya maharage pembeni.

"Alimpata ziwani."

"Alimpata vipi?"

"Alimpata. Kama mtu anavyopata kitu." Kisha akaniuliza lini nitaoa.

Kuna rekodi moja tu ya maandishi niliyoweza kuipata, daftari la ubatizo la usharika mmoja ambao sitautaja. Wamisionari wa Berlin walifika kwetu mwishoni mwa karne ya 19 na walipenda kuandika. Baba yake babu yupo humo, kabatizwa kijana, kabla ya vita ya kwanza. Safu ya baba: Fundi. Safu ya mama: mstari mmoja wa wino, wa kulala. Nilikaa na ule mstari kwa muda mrefu kuliko nilivyokaa na jina. Aliyeuchora alikuwa na kalamu mkononi na mtoto mbele yake. Ama hakuuliza, ama aliuliza akapewa jibu lisiloingia kwenye safu.

Sasa nije kwenye kinachonikera hasa. Vijana wengi siku hizi tunatafuta asili zetu, na ni jambo jema. Lakini tunatafuta kwa programu zilizotengenezewa watu ambao parokia zao ziliwaandika tangu mababu wa mababu. Programu inataka jina, tarehe, mahali, picha. Ukiwa huna, inakuachia kisanduku kitupu, na kisanduku kitupu kinatia aibu, hasa mbele ya projekta. Kwa hiyo tunateleza kuelekea kwa mtu yeyote aliyeandikwa. Na walioandikwa ni akina nani? Chukua Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika. Mafundi watatu waliotumwa kutoka Papenburg kuiunga Kigoma wanajulikana kwa majina: Anton Rüter, Hermann Wendt, Rudolf Tellmann. Wabebaji na vibarua waliofanya nao kazi ni "mamia". Mjukuu wa hao mamia atamweka nani kileleni?

Na ziwani kwetu ndiyo kabisa. Septemba 1863 David Livingstone alifika Nkhotakota, ng'ambo ya ziwa, ambako watu wa kutoka pwani walikuwa wamejenga mji wao wa biashara. Alimkuta Juma bin Saidi akiundiwa jahazi jipya badala ya lililovunjika. Akalipima kwa macho ya mtu anayejua vyombo: urefu futi 50, upana futi 12, kina futi 5. Akaandika kwamba mbao zake ni za mti uitwao timbati, unaofanana na msaji, na mataruma ni ya msoro, mti mgumu zaidi. Akakiri hata kosa lake: yeye alikuwa amehangaika kupitisha meli ya chuma kwenye maporomoko ya Shire, kumbe maseremala wachache wa huku wangemuundia chombo kizuri ziwani kwa muda karibu ule ule na kwa gharama ndogo mno.

Jina la mwenye jahazi tunalo. Majina ya miti miwili tunayo. Jina la aliyeshika tezo halipo.

Sisemi fundi wetu ni yule, miaka haikubali. Lakini kazi hiyo iliendelea ziwani kwa miongo mitatu tena. Mwezi Desemba 1895 Waingereza walimnyonga Mlozi kule Karonga, na utawala wa Majumbe wa Nkhotakota nao ulikuwa umekwisha. Majahazi yakakosa mzigo, na mafundi wakakosa majahazi. Mtu wa pwani, Mwislamu, mwenye ufundi usiohitajika tena na mke na mtoto mchanga, ana sababu ya kupanda mlima. Hii ni dhana, na nimeiandika hivyo kwenye karatasi niliyompa baba mdogo. Yeye ya kwake ameiandikia marumaru.

Nina ushahidi mwingine mdogo ambao alinicheka nao. Bibi, akizungumzia paa la nyumba, hasemi kenchi. Anasema mataruma. Majirani zake hawana neno hilo kwenye nyumba. Taruma ni ubavu wa jahazi, ule mti uliopindwa unaoshikilia mbao kutoka ndani. Bibi hajawahi kuona jahazi. Nilipomwonyesha picha kwenye simu alisema ni nyumba iliyopinduliwa. Mahakamani neno moja halitoshi, najua. Njombe nzima tunauita mkaratusi mlingoti, tunaupanda kwa ekari na kuuza nguzo, na hiyo haitufanyi mabaharia. Ila ukiunganisha neno la paa, sufuria isiyopikiwa nguruwe na maiti iliyozikwa kwa sanda, unapata mtu. Picha ya mtandaoni inakupa masharubu tu.

Hoja nzito ya baba mdogo si Wissmann. Aliisema nje ya ukumbi, tukiwa wawili, na kwa sababu ni mtu mzima na ananipenda aliisema polepole. "Mwanangu, majahazi yale yalibeba nini?"

Yalibeba pembe na yalibeba watu. Konseli wa Uingereza Unguja, Rigby, alimwambia Livingstone kwamba watumwa 19,000 kwa mwaka kutoka nchi ya Nyasa peke yake walipita forodhani pale kisiwani. Walivushwa ziwa kwanza, kisha wakatembezwa hadi Kilwa. Fundi aliyekalafati mbao za jahazi la Nyasa alijua mzigo wake, kwa sababu alichonga nafasi yake. Na wala isiwe kisingizio cha kumtupia kila kitu mtu wa pwani: kuna waliowateka, waliowauza kwa nguo na bunduki, na wengi wao walizaliwa huku huku bara.

Kwa hiyo ndiyo, Mjerumani ni safi zaidi. Alikuja na meli ya kupinga utumwa, ana mashine, ana tarehe. Hata kama meli yenyewe ilibaki kuwa chombo cha serikali iliyokuja kututawala, kwenye marumaru itang'aa. Baba mdogo hataki watoto wetu wasome kwamba wametoka kwa mtu aliyeunda majahazi ya watumwa. Namwelewa. Lakini angalia nani analipa gharama ya usafi huo. Tukimweka Mjerumani, yule mama anakuwa mke wa Mjerumani, binti fulani wa kienyeji aliyependwa na mgeni. Neno la bibi linafutika. Alimpata, kama mtu anavyopata kitu. Inawezekana nyanya yetu hakupanda jahazi lile kama abiria. Inawezekana alikuwa mzigo uliobaki pwani ya ziwa siku biashara ilipokufa, au ujira wa fundi ambaye tajiri yake hakuwa na nguo za kumlipa. Kama ni hivyo, ukoo huu haukuanzia kwenye ufundi wa mtu. Ulianzia kwa msichana ambaye hata lugha aliyoisema utotoni hatuijui, aliyepanda milima ile na mtoto mgongoni nyuma ya mwanamume ambaye hakumchagua.

Watu mia mbili na ushee kwenye shuka lile wametoka tumboni mwake. Hilo halihitaji intaneti.

Nimempelekea baba mdogo pendekezo langu. Picha ya mzungu itoke. Kileleni paandikwe Fundi, mtu wa pwani kwa kadiri tunavyojua, aliunda vyombo Ziwa Nyasa, na vilivyobebwa na vyombo hivyo vitajwe. Amenijibu kwamba kamati itakaa.

Kikao kijacho ni Desemba, ukumbi ule ule wa Makambako. Bibi amesema atakuja, tukimkodia gari lenye hita. Elfu hamsini yangu nimeiweka kwenye bahasha. Nitaitoa siku kisanduku cha pili kitakapoandikwa kitu, hata kama ni neno moja tu alilotupa bibi: alipatikana.