Kabla ya Kuungana: Nani Atalala Ndani?

Tarehe 15 Machi 2015, vijana wa makundi kadhaa walikutana katika eneo la Masina, jijini Kinshasa. Wenyeji walikuwa Wakongomani: wengine wa LUCHA, kundi lililozaliwa Goma mwaka 2012, wengine wa Filimbi, jukwaa jipya lililokuwa likitambulishwa siku hiyo. Wageni walitoka Y'en a marre ya Senegal na Balai Citoyen ya Burkina Faso, kundi ambalo miezi michache nyuma lilikuwa mstari wa mbele katika maandamano yaliyomng'oa Rais Blaise Compaoré. Ajenda ilikuwa nafasi ya vijana katika siasa za amani. Mkutano na waandishi wa habari ulipokwisha, maafisa wa usalama waliingia na kuwabeba watu wapatao 30. Baada ya siku chache wageni kutoka Afrika Magharibi walifukuzwa nchini na kurudi makwao. Fred Bauma wa LUCHA na Yves Makwambala wa Filimbi walibaki gerezani hadi Agosti 2016.

Wageni hawana lawama. Walikamatwa pamoja na wenzao, na kufukuzwa hawakukuchagua wao. Ila tukio hilo lilifichua jambo ambalo vikao vyetu hulikwepa: watu wanaweza kukaa meza moja, kwa ajenda moja, saa ileile, na gharama ya kikao hicho ikawa siku chache kwa huyu na miezi 17 kwa yule.

Toleo hili tumelitenga kwa wanaharakati wasio na bosi. Ni yule anayetetea chanzo cha maji cha kijijini kwao, mama anayemtafuta mwanawe aliyetekwa, wakili anayebeba kesi bila malipo, kijana mwenye simu na wafuasi wengi. Hawana katibu mkuu wala kadi ya uanachama. Hakuna wa kuwaamrisha waungane na hakuna wa kuwakataza, kwa hiyo kila mara inabidi waamue upya. Nimekaa katika vikao vingi vya kuamua hivyo, na karibu vyote huanza kwa kuulizana kama tunakubaliana: je, huyu ni wa mrengo wetu, anapokea fedha za nani, mwaka jana alisema nini juu yetu? Kisha mtu husimama na kukumbusha kuwa umoja ni nguvu, ukumbi ukapiga makofi, na anayetaka kujua masharti akaanza kutazamwa kama msaliti.

Swali ninaloomba litangulie ni jingine. Mambo yakiharibika, nani atalala ndani? Nani atafukuzwa kazi, nani atavunjiwa mlango usiku? Na huyo, je, ndiye mwenye neno la mwisho juu ya lini tuanze na lini tuache? Kama jibu la swali hili la mwisho ni hapana, tusiungane bado, hata kama tunapendana kama ndugu wa tumbo moja.

Historia ya Kenya ina mfano mmoja ninaourudia mara kwa mara. Mwanzoni mwa 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, akiwemo Monica Wamwere, mamake mfungwa Koigi wa Wamwere, walikuwa wamechoka kuzungushwa. Walimfuata Wangari Maathai. Yeye alikuwa na harakati zake za kupanda miti, Green Belt Movement aliyoianzisha mwaka 1977, na jina lake lilikuwa limevuma tangu 1989 alipopinga ghorofa 60 zilizokusudiwa kujengwa ndani ya Uhuru Park. Januari ya mwaka huo huo wa 1992 polisi walikuwa wameizingira nyumba yake na kumkamata. Kwa hiyo hakuwa mtu aliyekosa shughuli, na mfungwa hakuwa mti. Angeweza kuwaambia akina mama wale kwamba hilo si fungu lake, na hakuna ambaye angemlaumu.

Tarehe 28 Februari walipeleka ombi lao kwa Mwanasheria Mkuu, kisha wakaketi Uhuru Park na kuanza kufunga kula. Watu wakaanza kumiminika: vijana wa kundi la kudai wafungwa waachiliwe, wanasiasa wa upinzani, wapita njia waliosimama kusimulia mateso waliyoyapata mikononi mwa polisi na ambayo walikuwa hawajawahi kuyatamka hadharani. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na vitoa machozi. Maathai alipigwa hadi akapoteza fahamu. Baadhi ya wale wazee wa kike walivua nguo mbele ya askari wa umri wa watoto wao, na hakuna aliyelelewa katika nchi hii asiyejua uzito wa laana hiyo. Baada ya hapo walihamia Kanisa Kuu la All Saints, na huko walikaa, mwezi baada ya mwezi, hadi mwaka 1993 wana wao walipokuwa wameachiliwa karibu wote.

Ukiuangalia muungano ule kwa kipimo cha itikadi, haukustahili kuwepo. Mwanamazingira, mama wa shamba, mwanafunzi wa mrengo wa kushoto, padri wa Kianglikana na mwanasiasa anayewania kura wangekubaliana juu ya nini? Kwa jinsi ninavyoisoma historia hiyo, walishikana kwa sababu dai lilikuwa moja na lilikuwa na mwenyewe. Wenye dai ni akina mama. Wao ndio waliokuwa na cha kupoteza, wao ndio waliojua siku gani lingekuwa limetimia, na wengine wote, hata yule aliyekuja kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, walikuwa wasaidizi wao. Hakuna aliyewataka waingize suala la miti katika ombi lao.

Linganisha na yaliyotokea miaka mitano tu baadaye. Aprili 1997 wanaharakati, viongozi wa dini na wanasiasa wa upinzani walikutana Limuru, na kutoka hapo wakaunda baraza la utendaji lililojulikana kwa kifupi kama NCEC. Msimamo ukawa kwamba bila mageuzi hakuna uchaguzi. Saba Saba ya mwaka huo watu waliuawa katika maandamano, na polisi wakaingia na marungu hadi ndani ya kanisa lile lile la All Saints. Septemba, wabunge wa upinzani waliketi na wabunge wa chama tawala, KANU, katika kundi lililoitwa IPPG, wakakubaliana juu ya mageuzi machache: masharti ya leseni za mikutano yalilegezwa, na vyama vya upinzani vikapewa nafasi ya kupendekeza makamishna wa tume ya uchaguzi. NCEC ikabaki nje ya mlango. Uchaguzi ukafanyika Desemba na Rais Moi akabaki madarakani. Katiba mpya ilisubiri hadi 2010.

Wengi wa kizazi changu hulieleza jambo hili kama usaliti wa wabunge. Sikubaliani nao kabisa. Mbunge aliyegoma kushiriki uchaguzi alikuwa anatoa kiti chake. Mwanaharakati aliyemtaka agome hakuwa na kiti cha kutoa. Wawili hao walitamka kaulimbiu moja huku kila mmoja akipiga hesabu yake, na ilikuwa lazima siku moja hesabu hizo zipishane. Kosa lilitangulia Septemba. Lilikuwa Aprili, pale ambapo hawakuambiana wazi kiasi gani cha mageuzi kingetosha, na nani angekuwa na haki ya kusema kimetosha. Linaloniuma zaidi ni hili: waliopigwa risasi Saba Saba hawakuwa na kiti bungeni wala dawati katika shirika. Wao ndio waliolipa gharama kubwa kuliko wote, na hakuna upande uliowauliza.

Lamu nayo imenifundisha mengi. Kwa miaka kadhaa kulikuwa na mpango wa kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 huko Kwasasi, si mbali na mji wa kale ambao UNESCO iliuorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Mwaka 2016 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitoa leseni. Wenyeji waliojikusanya katika Save Lamu walishirikiana na mawakili wa Katiba Institute na Natural Justice, na pia na wanakampeni wa kimataifa wa 350.org. Mvuvi alikuwa akifikiria mikoko, joto la maji na mazalio ya samaki. Wakili alikuwa akifikiria haki ya wananchi kushirikishwa iliyomo katika Katiba. Mwanakampeni wa kimataifa alikuwa akifikiria hewa ya ukaa na benki zinazofadhili makaa. Hawakuhitaji kugeuzana. Kilichowaunganisha ni karatasi moja, leseni, na kila mmoja alitaka ifutwe kwa sababu yake.

Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira liliifuta. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyopaswa. Hoja hiyo wakili wa Nairobi hawezi kuithibitisha peke yake hata awe bingwa namna gani, maana anayeweza kushuhudia kwamba hakuulizwa ni yule ambaye hakuulizwa. Kwa hiyo mwenyeji hakuwa pambo la picha katika kesi ile. Bila yeye kesi isingesimama.

Lakini tazama hatari ilivyogawanyika. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014, Lamu iliishi chini ya amri za kutotoka usiku na msako wa mara kwa mara. Mwaka 2018 Human Rights Watch, pamoja na muungano wa watetezi wa haki wa Kenya, walichapisha ripoti juu ya wanaharakati wa mazingira wa Pwani waliotishwa, waliokamatwa, na wengine kuhusishwa na ugaidi kwa sababu ya kupinga miradi mikubwa. Wakili akimaliza kikao hupanda ndege Manda akaenda zake. Anayebaki Langoni au Mkomani ndiye atakayegongewa mlango. Ushirikiano unaomheshimu mtu huyo humpa uwezo wa kusema: wiki hii msinitaje, picha hiyo iondoeni, maandamano hayo yasogezwe mbele. Na asemapo hivyo, mfadhili anayesubiri ripoti yake atasubiri.

Najua nitaambiwa kwamba hivi harakati zitakwama, kwa kuwa aliye hatarini zaidi ndiye mwenye hofu zaidi. Wakati mwingine itakuwa hivyo, nami naikubali hasara hiyo. Lakini tusisahau kwamba kutofanya lolote nako kuna wanaoumia, na mara nyingi ni wale wale. Mvuvi wa Lamu angeumia kwa kusema na angeumia kwa kunyamaza. Mtu wa namna hiyo haamui kwa hofu tu. Anapima, na vipimo vyake ni sahihi kuliko vyangu mimi niliye mbali na bahari.

Juu ya maandamano ya Juni 2024 nitasema kidogo, maana kurasa zinazofuata zimeyajadili kwa kina. Vijana wa Kenya walikusanyika kuukataa Mswada wa Fedha bila kiongozi, bila chama, bila kabila. Baadhi yao waliuawa mbele ya Bunge tarehe 25, na kesho yake Rais akasema hatautia sahihi. Tangu hapo nimesikia maombolezo mengi kwamba umoja ule ulivunjika: wengine wakataka mazungumzo, wengine wakamtaka Rais aondoke, wengine wakarudi kazini. Mimi sioni kilichovunjika. Makubaliano yalikuwa juu ya mswada, na mswada ulianguka. Lililofuata lilikuwa jambo jipya, lenye hatari mpya, hasa utekaji nyara uliowaandama waliokuwa wamejulikana sura, na lilihitaji kukubaliwa upya na kila mmoja badala ya kudhaniwa kuwa tayari limekubaliwa. Lipo la kuigwa hapo: mchango wa mtandaoni wa kuwasaidia majeruhi na familia za waliofiwa, ulioongozwa na Hanifa Adan, ulitolewa hesabu hadharani. Fedha zimeua ushirikiano mwingi kuliko polisi, na dawa yake ni hesabu iliyo wazi tangu shilingi ya kwanza.

Ushauri wangu ni wa karatasi moja, si katiba ya kurasa 40. Andikeni jambo mnalolitaka kwa namna ambayo mtoto wa darasa la saba ataweza kusema kama limepatikana au bado. Andikeni nani anasema kwa niaba ya nani. Andikeni, kwa majina, nani anaweza kukamatwa, nani atapeleka dhamana asubuhi, nani atawapikia watoto wake jioni. Halafu andikeni namna ya kuondoka: kwamba anayetaka kutoka atawaambia wenzake siku kadhaa kabla, hatatoboa siri, na hataitwa msaliti. Kundi linaloona aibu kuzungumzia kuachana kabla ya kuanza litaachana kwa matusi mbele ya kamera.

Mkishindwa kukubaliana juu ya karatasi hiyo, msijilazimishe. Kuna heshima katika kusema tutafanya kazi kando kwa kando: tutaambiana tarehe ili maandamano yenu yasigongane na kesi yetu, hatutashambuliana hadharani, na mmoja wenu akikamatwa tutakuja kituoni. Makundi mawili yanayotimiza haya matatu yamesaidiana kuliko mengi yenye nembo ya pamoja.

Wasomaji wetu wengi mmo ndani ya makundi ya namna hii, Mombasa, Mwanza, Bukavu, Kampala. Kama mliwahi kuandikiana karatasi kama hiyo, hata kwa ujumbe wa simu, na mkashinda au mkashindwa nayo, tuleteeni tuisome na, mkiruhusu, tuichape katika toleo lijalo. Futeni kwanza majina ya watu, mitaa na tarehe. Na aliye hatarini zaidi kati yenu akisema isitumwe, isitumwe.