Kill Bill 2: Na Nikki je?

Wanaosifu Kill Bill 2 ya Quentin Tarantino, ya mwaka 2004, wanasifu mapigano tu. Kweli, Uma Thurman anapozikwa hai akapasua jeneza kwa ngumi, hata mimi nilishangilia. Lakini Nikki yuko wapi? Katika sehemu ya kwanza mtoto huyo alikuta mama yake, Vernita Green, ameuawa kwa kisu jikoni. Muuaji akamwambia akikua na uchungu ungalipo, atamngoja. Sehemu ya pili haimrudii. Beatrix anamuua Bill, anaondoka na binti yake B.B. akicheka. Eti haki imetendeka! Hapa Kongo watoto kama Nikki tunao wengi. Mnaopiga makofi, yule mdogo alikosa nini?